Nani abebe hasara ya jaribio lililoshindwa? Kugawa nguvu za wafanyakazi kati ya kazi inayojulikana na utafutaji wa mapya

Mkuu wa Benchi

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limenisumbua mwaka mzima. Ninaongoza maabara ya kupima ubora wa maji yenye wapimaji tisa. Kazi yetu kuu ni kupokea sampuli, kuzipima kwa mbinu zilizothibitishwa, na kutoa majibu katika siku tulizoahidi. Kazi hiyo tunaijua vizuri, na ndiyo inayolipa mishahara. Hata hivyo, mbinu tatu tunazozitegemea zaidi zinazeeka: zinatumia vitendanishi vingi, yaani kemikali za kupimia, zinachukua muda mrefu, na maabara nyingine zimekwisha kupata njia nyepesi zaidi. Tusipoanza sasa kutafuta mbinu mpya, itafika siku ambapo ustadi wetu wote utakuwa katika kazi ambayo hakuna anayeihitaji.

Mwaka jana nilitenga alasiri ya kila Ijumaa kwa ajili ya majaribio, na kila mpimaji alikuwa huru kuchagua swali lake. Wiki sita za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha ukaja msimu wa sampuli nyingi, foleni ikarefuka, na mimi mwenyewe nikasema kwamba Ijumaa hiyo tumalize kwanza viporo. Nilisema hivyo Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata tena, na baada ya miezi minne hapakuwa na aliyekumbuka kwamba alasiri hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Lililoniumiza zaidi ni hili. Mpimaji mmoja, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye jicho kali kuliko sote, hakuacha. Aliendelea na jaribio lake la kupunguza hatua za maandalizi ya sampuli, nalo halikufaulu: matokeo yaliyumba kila kiwango cha chumvi kilipopanda. Ulipofika wakati wa tathmini ya utendaji, idadi ya sampuli alizopima ilikuwa chini ya ile ya wenzake, na kwa kuwa fomu yetu inauliza idadi ya sampuli, idadi ya makosa na siku za kuchelewa, alipata alama ndogo kuliko mtu ambaye hakuwahi kujaribu chochote. Mimi ndiye niliyetia saini fomu hiyo. Tangu hapo hajaleta wazo lolote, na wenzake wameelewa somo bila ya kuambiwa.

Nauliza mambo mawili. Je, kuna kiasi cha muda kinachofaa kutengwa kwa utafutaji wa mapya, ama asilimia kumi, ama ishirini, ama vinginevyo? Na je, ni sawa kumtaka mtu yule yule awe mwangalifu asiyekosea asubuhi, kisha awe mjasiri wa kujaribu na kukosea alasiri, au niwatenge watu katika makundi mawili?

Mhadhiri wa Menejimenti

Ndugu Mkuu wa Benchi, nakushukuru kwa kueleza jambo lako bila kujificha, hasa hilo la saini. Nitaanza na istilahi, kwa sababu nimeona mara nyingi mjadala huu ukiharibika kwa neno moja. Katika maandishi ya elimu ya uongozi, upande mmoja ni kuvuna kile ambacho shirika limekwisha kukijua, yaani kukiboresha, kukiharakisha na kukirudia kwa ufanisi. Upande wa pili ni kutafuta kile ambacho bado halikijui. Wako wanaouita upande wa kwanza „unyonyaji“, na mfanyakazi anayesikia neno hilo huwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa kwetu neno hilo ni la dhuluma. Hapa hakuna dhuluma inayokusudiwa. Mimi husema „uvunaji“ na „utafutaji“, na wanafunzi wangu hunielewa.

Aliyeuweka mjadala huu katika umbo tunalolitumia leo ni James March, katika makala aliyoichapisha mwaka 1991. Hoja yake ya msingi ni nyepesi kuisema na ngumu kuikwepa: faida ya uvunaji huja haraka, huonekana wazi, na aliyeifanyia kazi hujulikana, faida ya utafutaji huchelewa, haina uhakika, na mara nyingi humwangukia mtu mwingine, idara nyingine, au mwaka mwingine. Kwa hiyo shirika linalojifunza kutokana na matokeo yake yenyewe, kwa uaminifu kabisa na bila uzembe wa mtu yeyote, huelemea uvunaji. Ijumaa zako hazikufa kwa sababu ulikuwa kiongozi dhaifu. Kila Ijumaa moja, ukiipima peke yake, uamuzi wa kumaliza foleni ulikuwa sahihi, na jumla ya maamuzi hayo sahihi ndiyo iliyoua mpango.

Miaka miwili baadaye March na Daniel Levinthal walieleza mitego miwili inayotokana na hali hiyo. Wa kwanza ni mtego wa mafanikio: kadiri tunavyokiweza kitu, ndivyo tunavyokirudia, na kadiri tunavyokirudia, ndivyo tunavyozidi kukiweza, hata pale kilicho bora zaidi kiko hatua mbili kando. Wa pili ni mtego wa kushindwa, ambao watu huusahau: jaribio jipya hushindwa kwa sababu hatujalizoea, tukalitupa na kuleta jingine, nalo likashindwa kwa sababu ile ile, hadi shirika likawa linahangaika bila kujifunza kitu.

Kuhusu mtego wa kwanza upo mfano ninaoupenda kwa sababu hauhusu kampuni wala bidhaa. Mwezi wa Februari 2014, mgomo wa wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za London ulifunga baadhi ya vituo kwa siku mbili, na maelfu ya watu wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kufika kazini. Watafiti watatu, Shaun Larcom, Ferdinand Rauch na Tim Willems, walichunguza kumbukumbu za kadi za usafiri na kuona kwamba takriban mtu mmoja kati ya ishirini miongoni mwa walioathirika hakurudi kwenye njia yake ya zamani mgomo ulipokwisha. Fikiria: watu waliosafiri kila siku, ambao kosa la kujaribu njia nyingine lingewagharimu dakika chache tu, hawakuwa wameijua njia iliyowafaa zaidi, kwa sababu hapakuwa na asubuhi hata moja iliyowapa sababu ya kujaribu. Kama ni hivyo kwa safari ya kwenda kazini, wapimaji wako, ambao kosa lao huandikwa kwenye fomu, watajaribu kwa sababu gani?

Sasa swali la asilimia. Hakuna nambari moja, na anayekupa moja anakudanganya hata kama hajui. Wanahisabati wamelichunguza tatizo hili kwa mfano wa mashine kadhaa za kamari ambazo mchezaji hajui ipi hulipa zaidi, na funzo moja la mfano huo linakufaa moja kwa moja: thamani ya kujaribu hutegemea muda uliobaki wa kuitumia habari utakayoipata. Mbinu ambayo utaitumia miaka kumi ijayo inastahili majaribio mengi leo. Mbinu ambayo mteja wake wa mwisho ataondoka mwaka huu haistahili hata moja. Kwa hiyo gawa majaribio kwa kila mbinu kivyake, na usiigawe wiki nzima kwa asilimia moja.

Kabla sijanyamaza, kuna matokeo mengine ya March ambayo viongozi wengi hawayajui. Katika kielelezo chake cha hisabati, shirika lilifikia maarifa bora zaidi pale baadhi ya watu wake walipochelewa kuyapokea mazoea yake, kwa kuwa katika kuchelewa huko walibaki na fikra tofauti ambazo shirika lingeweza kujifunza kwazo. Mpimaji mpya anayeuliza „kwa nini tunachuja mara mbili?“ ana thamani kwa miezi michache tu, kisha anakuwa kama sisi. Muulize yeye kabla hajazoea.

Fundi wa Zamu

Nimesoma maelezo ya Mhadhiri kwa heshima, lakini naona picha inayochorwa inaifanya kazi ya kila siku ionekane kama kizuizi, na mimi siikubali. Nimesimamia zamu za uzalishaji kwa miaka mingi, na karibu kila badiliko lenye maana nililowahi kuliona lilianzia kwa mtu aliyeirudia kazi moja hadi akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Toyota iliwapa wafanyakazi wake uwezo wa kuvuta kamba na kusimamisha mstari wa uzalishaji pale wanapoona kasoro. Hapo uvunaji wenyewe ndio uliokuwa chanzo cha kujifunza, na hakuna aliyehitaji kutengewa Ijumaa.

Mpimaji wako aliyetambua kwamba matokeo yanayumba chumvi inapopanda aliwezaje kulitambua hilo? Kwa sababu amepima sampuli nyingi kiasi cha kujua sura ya matokeo yasiyoyumba. Mtu asiye na utulivu huo angeona nambari tofauti na kusema ni bahati mbaya. Kwa hiyo naomba usiwatenge watu wako katika makundi mawili. Ukifanya hivyo, kundi la utafutaji litasahau sampuli halisi zikoje, na kundi la foleni litaamini kwamba kufikiri si kazi yake.

Na huo mtego wa kushindwa alioutaja Mhadhiri kwa sentensi moja, mimi ningeuandikia kurasa tatu. Nimewahi kuona idara iliyobadilisha taratibu zake mara nne kwa mwaka mmoja, na mwisho wa mwaka hapakuwa na mtu aliyeweza kusema utaratibu upi ulikuwa mzuri, kwa kuwa hakuna uliopewa muda wa kuzoeleka.

Mkuu wa Benchi

Nawashukuru nyote wawili. Ndugu Fundi wa Zamu, umenigusa uliposema kuhusu jicho la mpimaji, na nakiri kwamba sikuwahi kuyatazama matokeo yake kama ugunduzi. Niliyatazama kama sampuli zilizopungua. Lakini naomba mzingatie tofauti moja. Maabara yetu ina ithibati ya ISO/IEC 17025, yaani imetambuliwa rasmi kwa kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji, na kwa mujibu wake siwezi kutoa jibu kwa mteja kwa mbinu ambayo haijathibitishwa. Mpimaji wangu hawezi kubadilisha hatua hata moja akiwa katikati ya kazi, hata kama ana hakika kwamba ni bora. Uboreshaji mdogo mdogo wa papo kwa papo, unaowezekana katika mstari wa uzalishaji, kwetu ni kosa la nidhamu. Ndiyo maana nilidhani lazima nitenge muda.

Ningependa pia kusikia kutoka kwa mtu anayejua mambo ya tathmini na malipo, kwa sababu naanza kuhisi kwamba fomu ile ndiyo kiini cha tatizo langu.

Mtathmini

Ndugu Mkuu wa Benchi, hisia zako ni sahihi, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo kwa uhakika.

Mwaka 2013 Florian Ederer na Gustavo Manso walichapisha matokeo ya jaribio ambalo nadhani kila mtu anayeandaa fomu za tathmini angepaswa kulijua. Washiriki waliendesha, kwenye kompyuta, kibanda cha kuuza maji ya limau kwa vipindi 20. Walipewa barua ya msimamizi aliyetangulia, iliyowaeleza mpango uliokuwa ukileta faida ya wastani. Mpango bora kabisa ulikuwapo, lakini ulihitaji kuhamisha kibanda na kubadilisha mchanganyiko. Kundi moja lililipwa kiasi kile kile bila kujali faida. Kundi la pili lililipwa sehemu ya faida ya vipindi vyote. Kundi la tatu lililipwa sehemu ya faida ya vipindi kumi vya mwisho tu, kwa hiyo mwanzoni lingeweza kukosea bila ya kuadhibiwa. Waliolipwa kwa faida ya kila kipindi walibaki karibu na ushauri wa barua. Waliolipwa kiasi kile kile walijaribu zaidi, lakini bila utaratibu mzuri. Kundi la tatu ndilo lililojaribu kwa mpangilio, likaweka kumbukumbu za majaribio yake kwa makini zaidi, na likaufikia mpango bora mara nyingi kuliko mengine.

Angalia kilichotokea hapo. Uhuru peke yake haukutosha, na malipo kwa matokeo, yakija mapema mno, yalidhuru. Kilichofanya kazi ni vitu viwili kwa pamoja: ruhusa ya kushindwa mwanzoni na wajibu wa kweli mwishoni. Ijumaa zako zilikuwa na uhuru. Hazikuwa na ruhusa, kwa kuwa fomu ilikuwa inahesabu, na hazikuwa na wajibu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza mwishoni mwa miezi sita kila mtu amejifunza nini.

Jambo hilo halikuonekana kwenye kibanda cha maji ya limau peke yake. Pierre Azoulay, Joshua Graff Zivin na huyo huyo Manso, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011, waliwalinganisha wanasayansi wa tiba na biolojia waliofadhiliwa na taasisi ya Howard Hughes ya Marekani, ambayo hufadhili kwa vipindi virefu na kuvumilia kushindwa kwa mapema, na wanasayansi wenye sifa zinazokaribiana waliofadhiliwa na taasisi za afya za serikali kwa masharti makali zaidi ya kipindi kifupi. Kundi la kwanza lilitoa makala nyingi zaidi zilizopata kunukuliwa sana. Lilitoa pia makala nyingi zaidi ambazo hazikufika popote. Nakuomba uisome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili kabla ya kubadilisha fomu yako, kwa sababu ukitaka yale ya kwanza utapata na haya ya pili, na siku yakija hupaswi kushtuka.

Wengi hutaja ruhusa ya kampuni ya 3M ya kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mawazo ya mtu mwenyewe kana kwamba nambari hiyo ndiyo dawa. Hebu tazama historia ya vikaratasi vyake vya kubandika. Spencer Silver, aliyekuwa akitafuta gundi yenye nguvu, alipata mwaka 1968 gundi dhaifu inayobandika na kubanduka. Aliieleza kwa wenzake kwa miaka mingi bila kupata matumizi yake. Mwaka 1974 Art Fry, aliyekuwa akiimba kwaya na kuchoshwa na alama za karatasi zilizodondoka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, aliikumbuka gundi ile. Bidhaa iliuzwa nchini Marekani kote mwaka 1980. Ni miaka 12 kati ya jaribio „lililoshindwa“ na mauzo. Asilimia 15 haielezi hilo. Linaloeleza ni kwamba Silver aliweza kubaki kazini akizungumzia gundi dhaifu kwa miaka yote hiyo bila ya kuonekana mzembe, na kwamba Fry alikuwa amesikia habari yake. Kampuni hiyo hiyo, chini ya James McNerney kati ya mwaka 2001 na 2005, ilieneza mfumo wa kupunguza kasoro unaoitwa Six Sigma hadi kwenye maabara za utafiti, na mrithi wake akalazimika kulegeza masharti hayo kwa watafiti. Mfumo uliokuwa mzuri kiwandani ulikuwa ukimtaka mtafiti aahidi matokeo kabla ya kuanza kutafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu fomu ni huu. Toa saa za majaribio kwenye hesabu kabla ya kugawanya: mpimaji aliyetumia sehemu ya kumi ya muda wake kwenye jaribio apimwe kwa sampuli ambazo mtu angeweza kupima katika sehemu tisa zilizobaki. Ni hesabu ya darasa la nne, na bado sijaona fomu nyingi zinazoifanya. Kisha weka sehemu ya pili isiyo na nambari, yenye maswali mawili: ulidhani nini kingetokea, na sasa unajua nini ambacho hukujua? Jaribio la chumvi lingejaza sehemu hiyo vizuri kuliko jaribio lililofaulu kwa bahati.

Aliyekuwa Benchini

Mimi si mtaalamu wa uongozi. Nilikuwa mpimaji katika maabara ya kiwanda kwa miaka sita, na nimekuwa upande wa pili wa fomu anayozungumzia Mtathmini, kwa hiyo nitasema yale ambayo mpimaji wako pengine hakuambii.

Kwanza, saa tatu za Ijumaa hazitoshi kujaribu kitu. Saa ya kwanza unakumbuka ulipoishia, ya pili unaandaa vifaa, ya tatu mashine inachukuliwa na mwenzako mwenye sampuli ya haraka. Na kichwa hakibadiliki kwa kengele. Asubuhi nzima nilikuwa natafuta kosa ili niliondoe. Mchana natakiwa niliangalie kosa na kulipenda. Tulipobadilisha utaratibu na kila mmoja wetu kupewa wiki moja kamili katika kila miezi mitatu, hali ikawa nyingine kabisa. Siku mbili za kwanza za wiki hiyo hazikuwa na maana, lakini tatu za mwisho zilikuwa na thamani kuliko Ijumaa za mwaka mzima. Kwa hiyo swali lako la kumtaka mtu awe wa namna mbili nalijibu hivi: anaweza, mradi usimtake awe hivyo siku moja.

Pili, na hili ni zito kwangu, kilichonizuia kujaribu mara nyingi hakikuwa woga wa mkuu wangu. Ilikuwa aibu mbele ya wenzangu. Nikiwa na jaribio langu, foleni yangu ilikuwa inapimwa na mtu mwingine, naye alikuwa anaondoka kazini amechelewa kwa ajili yangu. Jaribio likishindwa, unamwambia nini? Tulipata nafuu pale msimamizi wetu alipoamua kwamba jina la aliyeshika benchi, yaani aliyepima foleni ya mwenzake, liandikwe kwenye ripoti ya jaribio pamoja na la mjaribu, liwe limefaulu au limeshindwa. Watu waliokuwa wakinung'unika wakaanza kuuliza jaribio linaendeleaje, kwa kuwa sasa lilikuwa lao pia.

Tatu, wekeni daftari la majaribio yaliyoshindwa, na liwe mahali ambapo kila mtu analiona. Nilijaribu mambo matatu katika miaka yangu ya mwisho pale. Mawili yalishindwa. La tatu lilifaulu kwa sababu nilikuta katika daftari kwamba mtu aliyeondoka kabla sijaajiriwa alikuwa amejaribu kupasha moto sampuli katika hatua isiyofaa na akaeleza vizuri ni nini kilichoharibika. Sikuwahi kukutana naye, na kazi yake iliniokolea miezi.

Kuhusu ithibati, kwetu ilikuwapo pia. Tulikuwa tukitumia mabaki ya sampuli zilizokwisha kutolewa majibu, zile ambazo muda wake wa kutunzwa ulikuwa haujapita. Jibu la mteja lilikuwa limekwisha kwenda kwa mbinu ya zamani. Sisi tulipima mabaki kwa mbinu mpya na kulinganisha. Hivyo kazi ya kila siku ndiyo iliyokuwa ikitupa malighafi ya majaribio, pamoja na jibu la kulinganishia, na nadhani hapo Fundi wa Zamu na Mhadhiri wote wawili wangeridhika.

Mhadhiri wa Menejimenti

Nimeridhika kweli, na nakubali kwamba Fundi wa Zamu alisahihisha uzito niliouweka upande mmoja. Nitaongeza jambo moja tu juu ya suala la kuwatenga watu. Michael Tushman na Charles O'Reilly walishauri mwaka 1996 kwamba kampuni iwe na vitengo tofauti, kimoja cha uvunaji na kingine cha utafutaji, vikiunganishwa na viongozi wa juu. Ushauri huo una mantiki kwa shirika kubwa. Maabara ya watu tisa haina wa kuwatenga. Kwa vikundi vya namna hiyo unafaa zaidi uchunguzi wa Cristina Gibson na Julian Birkinshaw wa mwaka 2004, uliohusisha vitengo 41 vya biashara: waliona kwamba mtu yule yule anaweza kubeba yote mawili pale mazingira ya kazi yanapomdai kiwango cha juu na wakati huo huo yakampa msaada na imani. Kiwango hicho kikikosekana, kazi inalegea. Msaada na imani vikikosekana, watu wanachakaa.

Mkuu wa Benchi

Ndugu zangu, nimeyasoma yote zaidi ya mara moja. Nimefuta Ijumaa. Kuanzia robo mwaka ijayo, kila mpimaji atakuwa na wiki yake moja, ratiba itabandikwa pamoja na ile ya zamu, na jina la atakayeshika benchi litaandikwa pale pale. Tutaanza na mbinu ile moja ambayo tutaihitaji kwa miaka mingi zaidi, na zile mbili nyingine zitasubiri. Mabaki ya sampuli tunayo, tulikuwa tukiyamwaga.

Fomu siwezi kuibadilisha peke yangu, kwa sababu inatoka makao makuu, lakini nimepeleka pendekezo la kutoa saa za majaribio kwenye hesabu ya sampuli, na nimeambatanisha fomu ya mpimaji yule kama mfano wa kosa, nikieleza kwamba kosa ni langu. Jana nilimwita na kumwonyesha barua hiyo kabla sijaituma. Nilimwomba pia aandike ukurasa wa kwanza wa daftari, ule wa chumvi.

Ninabaki na swali moja. Yeye hajasema ndiyo wala hapana. Je, nimpe wiki ya kwanza katika ratiba, au ataona kama namlazimisha?

Aliyekuwa Benchini

Usimpe ya kwanza. Chukua wewe wiki ya kwanza, na umwombe yeye akushikie benchi. Jaribio lako likishindwa, liandike kwenye ukurasa unaofuata wa daftari lile, majina yenu yote mawili yawepo. Yeye mpe wiki ya tatu au ya nne, na usimuulize tena kabla ya hapo.